Upasuaji wa kupunguza uzito: jinsi ya kujiandaa, kula upya na kujilinda

Mgonjwa hukaa kwenye meza ya upasuaji saa moja hadi tatu tu. Sehemu inayomtegemea yeye mwenyewe ni ndefu zaidi: wiki kadhaa za kujiandaa, miezi miwili ya kujifunza kula upya, kisha vidonge na vipimo vya damu visivyo na tarehe ya mwisho. Mwongozo huu umeegemea huko, kwa sababu ndiko watu wanakokwama. Upasuaji uliofanywa kwa ustadi unaweza kuharibiwa na chupa ya vitamini iliyosahaulika kabatini, na mtu akaishia na ganzi ya miguu isiyopona kabisa.

Kwanza lawama iondoke. Unene uliokithiri ni ugonjwa wa muda mrefu, si uvivu wala ulafi. Mwili ukipungua kilo kwa kujinyima chakula hujitetea: homoni ya njaa iitwayo ghrelini hupanda, zile za shibe hushuka, na nishati inayotumika hata ukiwa umepumzika hupungua. Ndiyo maana kilo hurudi, tena mara nyingi na nyongeza. Upasuaji hupunguza ukubwa wa mfuko wa chakula, lakini nguvu yake kubwa iko katika kuzibadilisha homoni hizo. Mtu hushiba mapema, na njaa yenyewe hupoa.

Nani anastahili

Chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, kisha gawa uzito wako wa kilo kwa jibu hilo. Mtu wa kilo 118 mwenye urefu wa mita 1.65: 1.65 mara 1.65 ni 2.72, na 118 kugawa kwa 2.72 ni 43 na ushei. Hiyo ndiyo namba ambayo hospitali huita BMI.

Miongozo ya mwaka 1991 ilitaka BMI ya 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaotokana na unene kama kisukari, presha au kukatika pumzi usingizini. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa upasuaji huu, cha Marekani (ASMBS) na cha kimataifa (IFSO), viliishusha: 35 na kuendelea hata kama hakuna ugonjwa mwingine, na 30 hadi 34.9 kwa mwenye kisukari aina ya pili au ambaye njia nyingine zimeshindwa kumpunguza kwa kudumu. Kwa watu wenye asili ya Asia, ambao madhara ya mafuta huwaanza wakiwa na uzito mdogo zaidi, mjadala unaweza kuanza kwenye 27.5. Bima na hospitali nyingi bado hushikilia viwango vya zamani, basi uliza mapema ni vipi vinatumika utakakotibiwa.

Wapo wanaopaswa kusubiri: mjamzito, mwenye uraibu wa pombe au dawa za kulevya usiotibiwa, mwenye tabia ya kula kupindukia kisha kujitapisha, mwenye ugonjwa wa akili ambao haujatulia, na mwenye ini lililosinyaa kiasi cha kupandisha shinikizo la damu kwenye mishipa yake. Tunaongeza kundi moja ambalo watu hawapendi kulitaja: asiyeweza kupata vitamini na vipimo vya damu kwa uhakika, iwe kwa sababu ya fedha au umbali. Kwa mtu huyo upasuaji wa kugeuza njia ya utumbo unaweza kuleta ugonjwa mpya mahali pa ule wa zamani. Ajipangie hilo kwanza.

Aina za upasuaji

Zote hufanywa siku hizi kwa laparoskopia, yaani kamera na vifaa vyembamba vinavyopitishwa kwenye matundu madogo manne hadi sita ya tumboni. Mbili ndizo utakazozisikia kila mahali.

Slivu. Daktari huondoa karibu asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kuuacha ukiwa mrija mwembamba kama ndizi. Kipande kinachoondolewa ndicho chenye sehemu kubwa ya chembe zinazotengeneza ghrelini. Utumbo hauguswi. Kilichokatwa hakirudishwi, na kasoro yake kubwa ni kiungulia: mrija huo una shinikizo kubwa ndani, hivyo asidi hupanda kooni. Aliyekuwa na kiungulia kikali au jeraha la umio tangu mwanzo asiingie kwenye slivu kwa sababu tu ni nyepesi kuifanya.

Baipasi. Hutengenezwa kifuko kidogo cha mililita 30 hivi juu ya mfuko wa chakula, kisha utumbo mwembamba hukatwa na kuunganishwa nacho, chakula kikapita bila kugusa mfuko uliobaki wala mwanzo wa utumbo. Nyongo na majimaji ya kongosho hukutana na chakula mbele zaidi. Hii ndiyo inayotuliza kiungulia na yenye nguvu zaidi kwenye kisukari. Katika utafiti wa Marekani ulioitwa STAMPEDE, baada ya miaka mitano asilimia 29 ya waliofanyiwa baipasi na 23 ya waliofanyiwa slivu walikuwa na HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi mitatu hivi) ya asilimia 6 au chini, dhidi ya asilimia 5 ya waliotibiwa kwa dawa peke yake. Lakini chuma, kalsiamu na vitamini B12 hunyonywa kwa shida zaidi, na mtu hawezi tena kumeza dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni.

Ipo pia baipasi yenye kiungo kimoja tu cha utumbo, ambayo ni fupi kufanya lakini wengine hupata nyongo inayopanda juu. Zile zinazokwepesha sehemu ndefu ya utumbo hupunguza kilo nyingi kuliko zote na pia huleta upungufu mkubwa wa protini na vitamini. Hufaa watu wachache. Mkanda wa kubana mfuko wa chakula umeachwa karibu kila mahali, maana wengi waliowekewa walirudi kutolewa. Puto la tumboni ni la muda, miezi sita hadi mwaka, wala si upasuaji.

Tarajia nini? Slivu hupunguza karibu robo ya uzito wote, baipasi karibu asilimia 30, na kilele hufika kati ya mwezi wa 12 na wa 24. Yule mtu wetu wa kilo 118 atafika kwenye 88 kwa slivu au 83 kwa baipasi, akiwa mtu wa wastani. Hatafika 60, na ni bora aambiwe mapema kuliko ajione ameshindwa wakati amefaulu. Hatari ya kufa katika hospitali yenye uzoefu ni karibu mtu mmoja kwa kila elfu, inayokaribiana na upasuaji wa kutoa kifuko cha nyongo.

Maswali ya kumuuliza daktari kabla ya kukubali

Usione haya. Muulize anafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka, na wangapi wa wagonjwa wake walipata kuvuja kwenye mshono wa ndani au kurudishwa chumba cha upasuaji. Muulize kama hospitali ina chumba cha wagonjwa mahututi, CT skani inayofanya kazi usiku, na mtu wa kufanya endoskopia, yaani kuangalia ndani kwa kamera inayopitishwa mdomoni. Ukipiga simu saa nane usiku siku ya sita baada ya kuruhusiwa, nani atapokea? Je, gharama uliyoambiwa inagusa matatizo yakitokea, au ni ya upasuaji uliokwenda sawa tu? Na kama unasafiri nchi nyingine kufanyiwa, nani nyumbani kwako amekubali kwa maandishi kukufuatilia? Daktari anayekwepa maswali haya amekujibu tayari.

Maandalizi

Vipimo vya damu ni vingi: picha kamili ya damu, figo, ini, HbA1c, akiba ya chuma, B12, foliki, vitamini D, tezi ya shingo. Upungufu unapatikana mara nyingi hata kabla ya kisu, kwa kuwa unene si ushahidi wa lishe bora, na ni rahisi kuutibu sasa kuliko baadaye. Endoskopia huangalia vidonda, henia ya kiwambo (sehemu ya mfuko wa chakula iliyopanda kifuani) na bakteria wa Helicobacter pylori, ambaye hutibiwa kabla. Anayekoroma sana na kusinzia mchana apimwe kukatika pumzi usingizini. Akikutwa nalo hupewa mashine ya hewa, aizoee nyumbani, kisha aje nayo hospitalini. HbA1c ishushwe chini ya 8 inapowezekana.

Sigara iachwe angalau wiki sita kabla, na isirudi. Hapa hatuna lugha ya kupoza: moshi huchelewesha kupona kwa kiungo cha utumbo na ndio chanzo kikubwa cha vidonda vya pale kilipoungwa.

Dawa zako zote ziandike kwenye karatasi na umpe daktari wa usingizi. Tatu zinastahili kutajwa. Dawa za kisukari zinazotoa sukari kwenye mkojo, kama empagliflozini na dapagliflozini, husimamishwa siku tatu au zaidi kabla, na vituo vingi huzisimamisha tangu diyeti ya ini (inayoelezwa hapa chini) inapoanza, kwa sababu zinaweza kuleta asidi hatari mwilini huku sukari ikionekana ya kawaida. Vidonge vya kuzuia mimba vyenye estrojeni huachwa wiki nne hivi kabla kwa kuwa huongeza kuganda kwa damu. Tumia kinga nyingine. Sindano za kisukari na kupunguza uzito, semaglutaidi na ndugu zake, huchelewesha chakula kutoka tumboni, hivyo daktari wa usingizi lazima ajue ulichoma lini mara ya mwisho.

Diyeti ya ini ndiyo watu wengi huichukulia kama mtihani wa utashi. Sivyo. Ini lenye mafuta hufunika mfuko wa chakula, na likiwa kubwa na laini huchanika likiinuliwa. Daktari asipoona vizuri anaweza kulazimika kupasua tumbo wazi au kuahirisha. Wiki mbili hadi nne za kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, zenye wanga kidogo na protini ya kutosha, hulipunguza kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Mlo wa mwisho wa kujiaga siku moja kabla hurudisha akiba hiyo ya wanga na maji ndani ya ini. Usile. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari apunguziwe dozi na daktari siku ile ile diyeti inapoanza, la sivyo sukari itamwangusha.

Tumia wiki hizo pia kufanya mazoezi ya mdomo: weka kijiko chini kati ya tonge na tonge, tafuna mara ishirini na tano, usinywe wakati wa kula. Utayahitaji, na ni vigumu kuyajifunza ukiwa na maumivu. Nyumbani weka tayari mashine ya kusagia chakula, vikombe vidogo vya mililita 30, unga wa protini usio na sukari, parasetamoli ya maji, na vitamini za kutafuna kwa wiki za kwanza.

Hospitalini

Vyakula vigumu huachwa saa sita hadi nane kabla, maji safi huruhusiwa mpaka saa mbili kabla isipokuwa ukiambiwa vinginevyo. Utaamka na kichefuchefu, koo linalouma, na pengine maumivu ya bega. Hayo ya bega mara nyingi ni ya gesi iliyotumika kuinua tumbo na huisha siku mbili tatu. Utainuliwa kutembea ndani ya saa chache. Usibishane na muuguzi kuhusu hilo: damu inayoganda kwenye miguu na kukimbilia mapafuni ni miongoni mwa vinavyoua zaidi baada ya upasuaji huu, na kutembea pamoja na sindano za kuzuia kuganda ndiyo kinga. Wengine huendelea na sindano hizo nyumbani kwa wiki mbili hadi nne. Wengi hutoka siku ya pili au ya tatu. Usiinue kitu cha zaidi ya kilo tano kwa wiki nne hadi sita.

Kula upya

Ratiba hutofautiana kidogo kati ya hospitali na hospitali, na ya kwako ndiyo ya kufuata. Mpangilio wenyewe hauna tofauti. Pini zinazofunga mfuko wa chakula zinahitaji wiki kadhaa ili nyama ishikane, na tonge gumu la mapema linaweza kuuvimbisha au kuuchana.

Siku ya kwanza na ya pili ni vimiminika vyepesi: maji, mchuzi uliochujwa, chai isiyo kali. Funda moja dogo, subiri. Mililita 30 kila robo saa ukiwa macho. Kisha hadi mwisho wa wiki ya pili ni vimiminika vizito: maziwa yenye mafuta kidogo, mtindi laini, supu iliyosagwa na kuchujwa, kinywaji cha protini. Lengo ni lita moja na nusu ya majimaji kwa siku, na hili ndilo linalowarudisha watu wengi hospitalini, kwa sababu kiu haiji kama zamani na funda kubwa linauma. Tembea na chupa. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa.

Wiki ya tatu na ya nne chakula husagwa kuwa laini kama cha mtoto: samaki, kuku, yai, maharage yaliyopondwa. Vijiko viwili hadi vinne kwa mlo, milo mitano au sita midogo. Wiki ya tano na ya sita huja chakula kinachopondeka kwa uma. Baada ya hapo unarudi kwenye chakula cha kawaida, kimoja kimoja, ukianza na kile ambacho familia nzima inakula ila kwenye sahani ndogo. Mkate laini, wali na nyama kavu ndivyo hukwama zaidi; viache mwisho.

Protini iende kwanza mdomoni, mboga za pili, wanga mwisho ikiwa nafasi imebaki. Unahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kila siku. Yai moja lina 6, kikombe cha maziwa 8, gramu 100 za kuku aliyepikwa karibu 28. Piga hesabu hiyo wiki ya kwanza ya kila mwezi mpaka ikae kichwani. Protini ikikosekana mwili hula misuli yake. Mizani itafurahisha huku miguu ikishindwa ngazi.

Usinywe chochote pamoja na chakula, wala nusu saa baada yake. Maji husukuma chakula kutoka kwenye kifuko, shibe ikaondoka, na ukala tena. Mlo uchukue dakika ishirini hadi thelathini. Ishara ya kushiba imebadilika: badala ya tumbo kujaa, utasikia kubanwa chini ya kifua, kwikwi, au pua kuanza kutoa kamasi. Hapo acha, hata kama kijiko kimoja kimebaki. Anayetapika mara kwa mara kwa sababu ya haraka hujifundisha kupenda vitu laini vitamu vinavyopita bila shida, aiskrimu na biskuti zilizolowekwa, na hivyo ndivyo kilo zinavyoanza kurudi.

Vitamini, na kwa nini haziishi

Baada ya baipasi na slivu mtu huzimeza maisha yake yote. Hizi ni dozi za kawaida za kinga. Mwenye upungufu hupewa zaidi.

Multivitamini kamili yenye madini, ikiwa na angalau miligramu 12 za thayamini (vitamini B1), pamoja na shaba na zinki. B12 kwa kidonge, mikrogramu 350 hadi 1,000 kila siku, au sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi. Chuma miligramu 45 hadi 60, hasa kwa mwanamke anayepata hedhi. Kwa mwanamume asiye na upungufu wa damu 18 inaweza kutosha. Vitamini D3 yuniti 3,000 kwa siku, kisha kipimo kiseme kama inatosha. Kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500, ikigawanywa kwa dozi za 500 au 600 kwa kuwa mwili haunyonyi zaidi ya hapo kwa mara moja. Chagua kalsiamu sitrati. Kalsiamu kaboneti inahitaji asidi ya tumboni, nawe asidi umebakiwa nayo kidogo.

Kosa la kila siku ni kumeza vyote kwa pamoja asubuhi ili kumaliza kazi. Kalsiamu na chuma hugombania mlango mmoja, hivyo vitenganishwe kwa saa mbili au zaidi. Chai na kahawa nazo huzuia chuma. Mpango unaofanya kazi: chuma na matunda yenye vitamini C wakati wa kulala, multivitamini na mlo wa asubuhi, kalsiamu saa nne asubuhi, alasiri na jioni. Viplasta na peremende za vitamini zenye umbo la wanyama havina kiasi kinachohitajika.

Thayamini inastahili aya yake. Akiba yake mwilini hutosha wiki mbili tatu tu. Mtu anayetapika kila siku baada ya upasuaji anaweza kuimaliza kabla ya kidonda kupona, kisha macho yakaanza kuona mbili, hatua zikayumba, akili ikachanganyikiwa. Akiwekewa dripu ya sukari kabla ya thayamini, hali hugeuka mbaya kwa haraka na kumbukumbu inaweza isirudi. Aliyetapika zaidi ya siku mbili aende hospitali, na ndugu yake aseme kwa sauti: thayamini kwanza.

Damu hupimwa mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Kujisikia mzima si kipimo. B12 inaweza kushuka kwa miaka kabla ya ganzi kuanza kwenye vidole.

Dalili za kukimbilia hospitali

Katika wiki mbili za kwanza jambo la kuogopa kuliko yote ni kuvuja pale palipopigwa pini au kuungwa. Ishara ya mapema mara nyingi ni mapigo ya moyo, hata kabla ya homa au tumbo kuwa gumu. Jifunze kuhesabu mapigo yako kwenye kifundo cha mkono. Yakipita 120 kwa dakika ukiwa umetulia, au yakiwa zaidi ya 100 saa baada ya saa pamoja na homa ya nyuzi 38, maumivu yanayozidi, maumivu ya bega la kushoto au hisia kwamba kuna jambo baya, nenda kituo kilichokufanyia usiku huo huo. Kwa slivu, kuvuja kunaweza kuja hata wiki kadhaa baadaye. Kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa au mguu mmoja kuvimba ni ishara za damu iliyoganda. Choo cheusi kama lami au kutapika damu ni kutokwa damu ndani.

Kati ya wiki ya nne na ya kumi na mbili, chakula kigumu kikianza kurudi, kisha laini, kisha maji, njia imesinyaa. Hupanuliwa kwa puto kupitia endoskopia. Usijaribu kuizoea kwa kunywa maziwa tu.

Baada ya baipasi, kuna hatari ambayo haipotei hata baada ya miaka: utumbo kupenya kwenye nafasi zilizoachwa ndani mafuta yalipopungua, ukajisokota. Maumivu huja kwa mawimbi katikati ya tumbo, mara nyingi baada ya kula, na yanaweza kupoa na kurudi. Vipimo vya damu huwa vya kawaida na hata CT skani inaweza kukosa kuonyesha. Maumivu hayo yaonwe na daktari wa upasuaji anayeijua baipasi, si kupewa dawa ya vidonda na kurudishwa nyumbani.

Mambo yatakayojitokeza njiani

Sukari ikimwagika haraka kwenye utumbo, mara nyingi baada ya baipasi, dakika 10 hadi 30 baada ya mlo huja kijasho chembamba, moyo kwenda mbio, tumbo kusokota na kuharisha. Lala chini, kitapita; kesho yake punguza sukari na ule polepole zaidi. Ikija saa moja hadi tatu baada ya kula, na mikono ikitetemeka, sukari ya damu imeshuka kwa sababu insulini ilitoka nyingi. Hii mara nyingi huanza mwaka wa pili. Dawa yake ni kupunguza wanga na kuuambatanisha na protini kila mara. Kunywa soda kila ikitokea huendesha mzunguko uleule.

Nywele hupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Huwatisha wengi, lakini mzizi haujafa, na huota tena ikiwa protini, chuma na zinki vipo.

Kupungua kwa kasi hutengeneza mawe kwenye kifuko cha nyongo, ndiyo maana wengi hupewa asidi ya ursodeoksikoliki kwa miezi sita ya mwanzo. Dawa ya kupunguza asidi, omeprazoli au ndugu yake, hutumika miezi mitatu hivi ili kulinda kiungo.

Dawa zako za zamani hazibaki zilivyo. Insulini na vidonge kama glibenklamaidi hupunguzwa au kuachwa tangu siku ya kwanza. Dawa za presha huanza kuzidi ndani ya wiki. Kizunguzungu ukisimama ndiyo taarifa. Vidonge vinavyoachia dawa polepole visisagwe wala kutegemewa bila kumuuliza mfamasia. Anayemeza warfarini au dawa ya tezi apimwe mara nyingi zaidi. Ibuprofeni, diklofenaki na jamii yao ziepukwe baada ya baipasi maisha yote, hata zile za dukani za mafua zilizochanganywa nayo.

Pombe hupanda kichwani haraka na hukaa muda mrefu kuliko zamani. Baada ya baipasi hasa, uwezekano wa uraibu huongezeka mwaka wa pili na kuendelea, hata kwa mtu ambaye pombe haikuwa shida yake. Mwaka wa kwanza usiguse.

Uwezo wa kushika mimba hurudi mapema kuliko wanawake wengi wanavyotarajia, wakati mimba inashauriwa isubiri miezi 12 hadi 18, kilo zitulie na akiba ya vitamini ijengwe. Vidonge vya kuzuia mimba haviaminiki baada ya baipasi. Kitanzi au kipandikizi ni salama zaidi. Ukishika mimba mwambie mkunga kuhusu upasuaji: kipimo cha kisukari cha kunywa maji ya sukari kitakuangusha, na badala yake hupimwa sukari ya kidoleni kwa wiki moja. Vitamini A iwe ya beta-karotini, si retinoli.

Ngozi iliyolegea haiondoki kwa mazoezi. Ikaushe mikunjoni ili isichubuke, na kama unataka ikatwe, subiri uzito utulie miezi sita, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja na nusu.

Kilo kadhaa kurudi kuanzia mwaka wa tatu ni jambo la kawaida. Zikirudi nyingi usijifiche kliniki. Andika kila unachoweka mdomoni kwa siku saba, vinywaji vikiwemo. Mara nyingi chanzo ni kalori za kunywa, kumumunya vitu siku nzima, au maji yaliyorudi mezani. Daktari aangalie kama kifuko kimepanuka au dawa mpya, kama za msongo na steroidi, zimeongeza uzito. Semaglutaidi na tirzepatidi zinaweza kuongezwa. Kurudia upasuaji huja mwisho, kwa maana hatari yake ni kubwa kuliko ule wa kwanza.

Mwisho, andika kadi ya kukaa kwenye pochi, kwa ajili ya daktari asiyekujua atakayekupokea ukiwa huwezi kuongea. Iwe na jina la upasuaji na tarehe yake, mchoro mdogo wa njia mpya ya utumbo ambao daktari wako atakuchorea, namba ya kituo chako, na mistari mitatu: msipitishe mpira wa puani bila kuona kwa endoskopia au eksirei, msinipe ibuprofeni wala jamii yake, nikiwa nimetapika, thayamini kabla ya dripu ya sukari.